Kishikwambi, vijiti na daftari: namna ninavyowafundisha wajukuu kwa programu

Mjukuu wangu wa miaka minane alinijia na kishikwambi mkononi, meno yote nje. "Bibi, nimemaliza kutoa! Nimepata nyota zote tatu." Kweli kioo kilikuwa kinang'aa, nyota za njano zinazunguka na kengele zinalia. Mimi nimefundisha hesabu za madarasa ya chini miaka 27, na ualimu hauishi kwa kustaafu. Nikachukua kipande cha karatasi, nikaandika 52 − 27, nikamwambia haya, nifanyie hii. Akaandika 35, upesi, wala hakukuna kichwa.

Aliyewahi kufundisha hesabu anajua 35 hiyo imetoka wapi. Kwenye mamoja kuna 2 juu na 7 chini. Mtoto anaona 2 haiwezi kutoa 7, basi anazigeuza, anatoa 2 kwenye 7, anapata 5. Makumi anayatoa vizuri tu: 5 toa 2, 3. Usimwite mzembe. Amejitungia kanuni yake kwamba ndogo hutolewa kwenye kubwa, popote ilipo, na kanuni hiyo imembeba tangu siku ya kwanza alipojua kutoa. Kilichonikosesha raha ni kitu kingine: zile nyota tatu kazipataje?

Kesho yake nikaketi nyuma yake, nikawa namtazama vidole. Swali linatokea, anaandika jibu lake la kugeuza. Programu inasema sivyo. Anagusa kitufe chenye picha ya taa, kinatokea kidokezo cha kwanza, hakisomi. Anagusa tena, cha pili. Anagusa tena, na cha tatu ni jibu lenyewe. Analinakili, kengele inalia, anasonga mbele. Hajavunja sheria yoyote. Amegundua njia fupi, kama ambavyo ningeigundua mimi nikiwa na miaka minane na nyota ziko mbele yangu.

Tabia hii si ya mjukuu wangu peke yake. Mwaka 2004 mtafiti Ryan Baker na wenzake wa Marekani waliandika juu ya wanafunzi waliokuwa wakijifunza hesabu kwa programu darasani. Walikuta kwamba wale waliokuwa wakiuchezea mfumo, yaani kubonyeza vidokezo mpaka jibu lijitoe au kuotea ovyo ovyo, ndio waliopata kidogo. Hata kupiga soga na mwenzako hakukuonekana kuharibu kiasi hicho.

Kishikwambi sikukitupa. Nilibadilisha namna tunavyokitumia, na ndiyo ninayoieleza hapa, kwa mzazi, mlezi au bibi mwenzangu aliyepewa kifaa na kuambiwa "humo mna masomo".

Kwanza ujue inachokuzidi

Programu nzuri inanizidi mambo matatu, na nayakiri bila kinyongo.

La kwanza ni kujibu papo hapo. Mwaka 1953 mwanasaikolojia B. F. Skinner alitembelea darasa la hesabu la binti yake. Akaona watoto wanafanya maswali wasijue kama wamepata au wamekosa, na wote wanakwenda mwendo mmoja, mwepesi na mzito. Akarudi akatengeneza mashine ya kufundishia: mtoto anajibu swali, na mashine inamjulisha hapo hapo kabla hajaenda la pili. Niliposoma habari hiyo niliona haya kidogo. Mimi nilikuwa nabeba madaftari 50 nyumbani, nasahihisha usiku. Mtoto analiona kosa lake kesho yake, wakati hata swali lenyewe limeshamtoka kichwani. Kosa likishindiliwa mara ishirini kabla ya kukutwa, kulitoa ni kazi.

La pili ni kukumbuka nani kasahau nini. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani, alijifanyia majaribio mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, na mwaka 1885 akachapisha alichokiona: tunasahau kwa kasi sana mwanzoni, kisha kasi inapungua, na ukirudia kwa kuachia nafasi katikati kitu kinakaa zaidi. Mwaka 1972 mwandishi Sebastian Leitner akaleta njia ya masanduku. Kadi unayoipata inahamia sanduku la mbele ambalo hulifungui mara kwa mara; unayoikosa inarudi sanduku la kwanza unalolifungua kila siku. Nimewahi kulifanya hilo kwa kadi za kuzidisha na makasha ya viatu. Kwa watoto wawili linawezekana. Kwa darasa la watoto 50 utalia. Programu ya mazoezi inafanya hivyo hivyo ndani kwa ndani: inajua kwamba huyu 7 × 8 imemshinda juzi, basi inamrudishia leo, na 5 × 2 inaiacha mpaka wiki ijayo.

La tatu ni uvumilivu. Silabi "nywa" inaweza kuitamka mara arobaini kwa sauti ile ile, haipumui kwa kero, haitazami saa. Mtoto mwenye haya anapenda kukosea mbele ya kitu kisichomtazama usoni. Na nguvu hii si ndogo. Kati ya mwaka 2017 na 2019 shindano la Global Learning XPRIZE lilijaribu programu za kusoma, kuandika na kuhesabu, kwa Kiswahili, katika vijiji vya mkoa wa Tanga, kwa watoto ambao wengi hawakuwa wakienda shule. Programu mbili zilizoshinda kwa pamoja, ya onebillion na ya Kitkit School, ziliwatoa baadhi ya watoto wasioweza kusoma hata neno moja wakaanza kusoma. Kwa hiyo mtu akikuambia mambo haya ni danganya toto tupu, mwambie si kweli.

Sasa isichokiweza. Haikuweza kuniambia kwa nini mjukuu wangu anaandika 35. Iliona 35, ikaona si 25, ikasema sivyo. Ziko chache zilizotengenezwa kuyatambua makosa ya namna hiyo, lakini nyingi utakazokutana nazo hazijui tofauti kati ya mtoto aliyebahatisha, aliyeteleza kidole, na aliyejitungia kanuni. Kazi hiyo imebaki kwako.

Icheze wewe kwanza, na ukosee makusudi

Kabla mtoto hajaigusa, kaa na programu nusu saa. Usisome sifa zake kule unakoipakulia. Kila programu inajiita bora. Ifungue, ujibu maswali kama kumi, na zaidi ya nusu yake uyakosee kwa makusudi. Ukijibu sawasawa programu zote zinafanana, maana zote zinakupigia makofi. Ni ukikosea ndipo utakapojua umeshika nini.

Zipo zinazotoa mlio mbaya na kukwambia jaribu tena, basi. Hizo ni za kupimia, si za kufundishia, na mtoto asiyejua atabaki kuotea. Zipo zinazokupa jibu na kukupeleka swali linalofuata. Hizo ndizo zilizomfundisha mjukuu wangu ujanja wa taa. Halafu zipo chache ambazo ukikosea zinakurudisha nyuma hatua moja: umekosa 52 − 27, inakuletea mafungu ya kumi kumi na vijiti viwili, inakuuliza hapa utatoaje 7? Ukiipata ya hivyo, ishike.

Niliwahi kuikuta moja, jina lake naliacha, ambayo ukipata jibu puto linapaa polepole, ukikosa linapasuka kwa kishindo na vipande vyenye rangi vinaruka kila upande. Mdogo wake yule mjukuu wangu, wa miaka mitano, alikuwa anakosa kila swali. Nikasikitika, nikadhani mtoto hajui kuhesabu hata mpaka sita. Kumbe anajua vizuri sana. Anataka puto lipasuke! Mwenye akili hapo alikuwa ni yeye, na si aliyeitengeneza.

Jambo jingine la kutazama ni mtoto anajibu kwa njia gani. Kuchagua jibu kati ya manne ni pata potea: hata kuku akidonoa kioo atapata robo ya maswali. Tafuta ile inayomtaka aandike namba mwenyewe, avute vitu na kuvipanga, achore, aunge silabi kupata neno, au asome kwa sauti na kujisikiliza. Na uangalie vikorombwezo. Kitabu cha hadithi ambamo kila ukigusa mti ndege anaimba, ukigusa jiwe linacheza ngoma, kinamfanya mtoto awinde vya kugusa, na hadithi inampita. Mwishoni muulize hadithi ilihusu nini. Mimi niliambiwa, "Jiwe."

Kwa wanaoanza kusoma, sikiliza sauti za herufi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nimeona watoto wakipotezwa na wazazi wao wakiwa wanafurahi.

Programu nyingi za herufi zimetengenezwa kwa Kiingereza. Mtoto anagusa herufi E, sauti inasema "ii". Anagusa I, inasema "ai". Anaimba vizuri, mama anampiga picha ya video, kila mtu anasifu. Sasa mpe penseli. Mjukuu wangu mdogo nilimwambia aandike "mti", akaandika "mte". Nikamuuliza hii ya mwisho ni nini, akajibu kwa uhakika kabisa: "Ii." Kwa alichofundishwa hakukosea hata kidogo.

Kusoma Kiswahili ni rahisi kwa sababu moja kubwa: irabu ni tano, na kila moja ina sauti yake isiyobadilika. Ndiyo maana tunaanza na a, e, i, o, u, kisha ba, be, bi, bo, bu, na mtoto akishaelewa kwamba konsonanti inaungana na irabu, mlango umefunguka. Atasoma hata neno ambalo hajawahi kulisikia. Kiingereza hakina bahati hiyo, kwa hiyo programu zake zinazungukia njia nyingine: zinakaririsha maneno mazima kwa macho, zinafundisha herufi moja yenye sauti tatu. Mtoto anayejifunza kusoma kwa Kiswahili akimwagiwa hayo yote katika miezi ile ile ya mwanzo, anachanganyikiwa bila sababu.

Kwa hiyo fanya hivi. Tafuta programu ya Kiswahili inayokwenda kwa silabi. Funga macho uisikilize: je, inasema "ba" au inasema "bii, e, ba"? Je, "ng'" na "ng" zinasikika tofauti, "ng'ombe" na "ngoma"? Je, inafika kwenye silabi nene kama "mbwa", "nywe", "chwa", au inaishia "ba be bi" na kurudi mwanzo? Kama huna ya Kiswahili kabisa, ya Kiingereza itumie kwa Kiingereza cha kusikiliza na kuzungumza, nyimbo na majina ya vitu, na herufi umfundishe wewe kwa karatasi mpaka asome. Kiingereza cha kusoma kitakuja, hakikimbii.

Kukiandaa kifaa, kwa ufupi

Pakua programu inayofanya kazi bila intaneti, kisha uweke kifaa katika hali ya ndegeni kabla hujamkabidhi mtoto. Hapo taarifa za kuingia ingia na matangazo mengi yanakatika kwa mpigo mmoja. Kila mtoto awe na akaunti yake ndani ya programu. Wakichangia moja, mkubwa anapandisha ngazi, mdogo anashushwa, na programu inabaki haijui inafundisha nani. Zima ununuzi wa vitu ndani ya programu kwa nenosiri. Usijaze jina kamili la mtoto, shule yake wala picha yake. Jina la utani linatosha. Na programu zisizidi tatu. Mtoto mwenye programu ishirini anafanya kazi ya kuchagua tu.

Muda? Mimi naweka dakika 20 kwa mkubwa na 10 kwa mdogo, kisha kinafungwa, hata kama nyota imebaki moja. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake mwaka 2019 kwa walio chini ya miaka mitano: wa miaka 2 hadi 4 asizidi saa moja kwa siku ya kukaa mbele ya kioo cha aina yoyote, na ikipungua ni bora zaidi, na wa chini ya mwaka mmoja asipewe kabisa. Saa hiyo inahesabu na katuni, tusidanganyane.

Kaa pembeni, mikono mgongoni

Hii ndiyo sehemu ambayo wengi hawaipendi, kwa sababu kifaa tulikinunua ili tupumzike. Nawaelewa. Lakini dakika 20 ukiwa pembeni yake zinazaa kuliko saa mbili akiwa peke yake chumbani.

Kaa upande wake, si mbele yake. Mikono weka mgongoni, na sisemi kwa mfano, iweke mgongoni kweli, maana kidole chako kitawashwa kugusa jibu. Kila baada ya maswali matatu au manne uliza swali moja tu: "Umejuaje?" Usiulize alipokosa peke yake, atajua kwamba swali hilo maana yake ni kosa. Uliza na alipopata. Siku moja aliniambia 9 + 6 ni 15 "kwa sababu 9 inaiba moja inakuwa 10". Hakuna programu niliyoiona ambayo ingeyasikia maneno hayo.

Kitufe cha taa nilikiwekea sharti. Ukikibonyeza, unanisomea kidokezo kwa sauti, kisha unaniambia kwa maneno yako kinasema nini, ndipo unaruhusiwa kujibu. Wiki ya kwanza alinung'unika sana. Wiki ya pili akaacha kukibonyeza, kwa sababu njia fupi imekuwa ndefu.

Na ile 52 − 27? Tulizima kishikwambi. Nikatoa njiti za kiberiti nilizozikata vichwa, tukazifunga kumi kumi kwa mipira ya kufungia nywele. Nikampa mafungu 5 na njiti 2. "Nipe 27." Akanipa mafungu 2 mara moja. Kisha akatazama njiti zake 2, akanitazama, akazitazama tena. Nikanyamaza. Kunyamaza hapo ni kugumu kuliko kufundisha. Baada ya kitambo akauliza, "Naweza kufungua moja?" Akafungua fungu, njiti zikawa 12, akanihesabia 7, zikabaki 5 na mafungu 2. "Ishirini na tano!" Kisha, kwa sauti ya mtu aliyeibiwa: "Mbona kile kilikuwa kinasema nikope, hakikusema nifungue?"

Neno "kukopa" ndilo tulilolitumia shuleni miaka yote, na mimi nimelitumia. Mtoto akasikia mkopo, akajiuliza atalipa lini. Tangu siku hiyo kwetu tunasema kufungua kumi.

Siku mbili baadaye tukarudi kwenye programu, na hapo ndipo ilipofanya kile ninachosema inanizidi. Kanuni mpya ilikuwa kichwani lakini changa, inahitaji mazoezi mengi yaliyochanganywa, yenye kufungua na yasiyo na kufungua, na jibu papo hapo. Alifanya maswali 12 kila jioni kwa wiki mbili. Mimi nisingeweza kumtungia na kumsahihishia yote hayo bila kuchoka. Mpangilio ukawa huo: jambo jipya mezani kwa vitu vya kushika, kulizoea kwenye kioo, kulithibitisha kwenye daftari.

Wakiwa wawili na kifaa kimoja, wafanye dereva na utingo. Dereva anagusa lakini haruhusiwi kuamua. Utingo anasema cha kufanya na sababu yake, lakini haruhusiwi kugusa. Kila maswali matano wanabadilishana. Watagombana, ndiyo, lakini watagombana kuhusu hesabu.

Ripoti usiitazame juu juu

Programu nyingi zina ukurasa wa mzazi. Juu kabisa utakuta dakika alizotumia na nyota alizopata, kwa herufi kubwa, na hizo ndizo namba zenye faida ndogo kuliko zote. Shuka chini. Tafuta maswali aliyopata kwa jaribio la kwanza bila kidokezo; hiyo ndiyo alama ya kweli. Tafuta muda kwa kila swali. Swali la mafumbo lenye mistari mitatu likajibiwa kwa sekunde 3, hakulisoma. Hesabu nyepesi ikachukua dakika nzima, ama anahesabu kwa vidole, ama kifaa kilikuwa mezani yeye yuko nje. Ukiona anapata vizuri jioni moja na kuanguka siku nne baadaye katika jambo lile lile, usimgombeze, ndiyo yale ya Ebbinghaus. Mrudishie kidogo kidogo.

Kisha kuna kipimo changu cha kila Jumamosi, na hiki hakina ukurasa. Kishikwambi kinazimwa, naandika maswali matano kwenye daftari kutoka katika yale aliyoyafanya wiki nzima, na moja naligeuza sura. Kama programu ilimuuliza 63 − 28, mimi namuuliza: nilikuwa na 63, nimebaki na 28, nimetoa ngapi? Akipata manne, tunasonga. Akipata mawili huku programu inasema amefuzu, ninaiamini karatasi.

Mpe na ya kutengeneza

Mpaka hapa nimesema juu ya programu zinazomuuliza mtoto. Kuna aina nyingine, ambayo mtoto ndiye anayeiamrisha, na kama ningelazimishwa kubakiza moja tu ningebakiza hii. Asili yake ni lugha ya Logo, iliyotengenezwa Marekani mwaka 1967 na Seymour Papert, Wally Feurzeig na Cynthia Solomon. Baadaye ikapewa kobe anayetii amri na kuacha mstari anapopita: mbele 100, kulia 90. Siku hizi iliyoenea ni Scratch, iliyotolewa mwaka 2007 na kundi la Mitchel Resnick kule MIT, chuo kikuu cha Marekani, ambayo amri zake ni vipande vya rangi vya kuunganisha. Ni ya bure, na Kiswahili kimo katika orodha yake ya lugha.

Mraba tuliupata upesi: mbele, kulia 90, mara nne. Kisha mkubwa akataka pembetatu yenye pande sawa. Anajua kila pembe yake ni 60, basi akaandika mbele, kulia 60, mara tatu. Kikatokea kitu kama bakuli lililoinamishwa, hakikufunga. Akaongeza, akapunguza, akakasirika, akasema programu mbovu.

Nikamwambia inuka, uwe wewe kobe. Tukaweka viatu vitatu sakafuni kama pembe za pembetatu. Akatembea mpaka kiatu cha kwanza, akasimama, uso mbele. Nikamwambia sasa jigeuze uelekee kiatu kinachofuata, polepole. Akageuka, akageuka, akaendelea kugeuka. "Bibi, hii ni zaidi ya 90!" Ndiyo. Kobe hageuki pembe ya ndani. Anageuka kiasi kilichobaki kutoka mstari ulionyooka, 180 toa 60. Akakimbia kwenye kioo, akaandika 120, pembetatu ikafunga. Kisha bila kuambiwa akarudi kwenye lile bakuli la 60, akaongeza mara zikawa sita, na pembesita ikatokea. Hakukuwa na nyota wala kengele. Alikwenda kumwita mdogo wake aje kuona.

Ukianza na hizi, usimpe mradi mkubwa. Mpe umbo moja, au kiumbe mmoja anayetembea kutoka upande huu wa kioo mpaka ule. Akikwama usimwambie kosa liko wapi. Mwambie akusomee amri zake moja moja nawe uzitii kwa miguu. Utagonga ukuta, atacheka, na kosa ataliona.

Jumamosi iliyopita nilimwekea daftarini 403 − 178. Alianza vizuri: 3 haitoshi kutoa 8, tufungue kumi. Penseli ikasogea kushoto, ikasimama juu ya 0. Akakaa hivyo muda mrefu. Nilikuwa na mikono mgongoni.

"Bibi," akasema, "hapa hapana fungu la kufungua."

Nikamwambia alete njiti, na safari hii alete na ile mipira mikubwa, tufunge mia.